Mashimo ya Mama Imelda

Mlikuja hapa kwangu, ninyi vijana wa maendeleo ya jamii, mkanipa shikamoo mkiwa mmeshika simu, mkaniambia, "Bibi, tuandikie mambo ya zamani kidogo, jinsi mlivyokuwa mkifanya kazi na watu wa kujitolea wakati wa maafa." Mkanywa chai yangu, mkamaliza na mihogo, mkaondoka mnacheka. Nadhani mlitaka mambo ya kutia moyo. Poleni sana. Ya kutia moyo ninayo machache, na karibu yote yanahusu chakula. Mengine ni tope tupu.

Mimi ni mtu wa Handeni. Mbinga nililetwa na serikali, enzi ambazo serikali ikikuhamisha unafunga godoro lako na kwenda, huulizi kuna nini huko. Niliambiwa na wenzangu ofisini kwamba huko kuna vitu vitatu: baridi, kahawa na nguruwe. Loo! Hawakunidanganya hata kimoja. Baridi ya Juni ilinikuta na kanga mbili, nikalala na gunia juu ya blanketi. Nguruwe nao wanapita uani kama kuku, na kila nyumba unayoingia mwenyeji anataka kukukirimu kwa alichonacho. Mimi ni Mwislamu, nifanyeje? Miezi ya kwanza nilikuwa nasema nimeshiba. Nimeshiba leo, nimeshiba kesho. Watu wakaanza kusema Bibi Maendeleo, ndivyo walivyoniita kwa kazi yangu, ana maringo.

Aliyeniokoa alikuwa mama mmoja mwembamba wa kitongoji cha milimani, juu ya Mbuji. Jina la kitongoji naliacha, wenyewe wanajijua. Aliitwa Stefania Kapinga, lakini wote walimwita Mama Imelda, kwa jina la mtoto wake wa pekee. Mumewe alikwenda Tunduru kwenye vito, kama walivyokwenda wanaume wengi miaka ile, na mpaka leo hajarudi wala hajatuma salamu. Siku moja mama huyo aliniona nakataa ugali, akaingia ndani akatoka na sufuria jipya. Akaligonga alama kwa msumari ukingoni.

"Hili lako," akasema. "Nguruwe hataingia humu mpaka unakufa."

Jirani yake mmoja, Gervas, alikuwa amekaa pale anachonga mpini. "Na akiingia kwa bahati mbaya?"

"Basi mgeni atakufa mapema."

Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Tangu siku hiyo nilikula kila nyumba ya kitongoji kile, kwa sababu sufuria langu lilinitangulia. Imelda ndiye aliyekuwa analibeba. Alikuwa binti wa darasa la kwanza, amepungukiwa meno mawili ya mbele, anatembea mbele yangu na sufuria kichwani kama kofia, anatangaza kwa kila nyumba, "Bibi Maendeleo anakuja, msipike mdudu!" Hilo ndilo somo langu la kwanza kwenu. Kabla hujahamasisha watu, kula kwao. Usipokula kwao, hata ukisema mvua inanyesha watatoka nje kuhakikisha.

Sasa huyo Gervas. Alikuwa utingo wa lori la ushirika, mtu wa miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi. Likaja soko huria, wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na watingo wao, na malori ya ushirika yakawekwa juu ya mawe. Gervas akarudi nyumbani na filimbi ya kuongozea dereva, ndiyo kiinua mgongo chake. Hakuchaguliwa na mtu, lakini likitokea la kufanya, yeye ndiye alikuwa anapiga filimbi na watu wanatoka. Daraja la miti likivunjika, Gervas. Mjane akiezuliwa nyumba na upepo, Gervas. Mimi nilikuwa na cheti cha chuo kuhusu ushirikishwaji wa jamii. Yeye alikuwa na filimbi. Tukaelewana.

Ndipo ikaja Machi ile.

Mvua ilikuwa imenyesha bila kupumua. Mjini Mbinga tukasikia kwamba mlima umekatika kule juu na umefunika nyumba. Bosi wangu akaniita. "Nenda ukawahamasishe wananchi wajiokoe." Nikamuuliza, niende na nini, gari liko juu ya mawe kama yale ya ushirika. Akasema, "Nenda na mdomo." Msicheke, ndiyo ilikuwa sera. Zamani maafa yakitokea tulikuwa tunapelekewa lori la unga na hema. Miaka ile tukawa tunapelekewa neno kujitegemea.

Nilipanda lori la mnunuzi wa kahawa mpaka barabara ilipoishia, halafu nikakwea kwa miguu. Nilibeba kamba na chumvi. Andikeni hilo la chumvi. Watu wakija kusaidia wanakuja na unga, wanakuja na mahindi na maharage, wengine na kuku, lakini hakuna anayekumbuka chumvi, na siku ya pili watu wenye huzuni wanakula chakula kisicho na ladha. Ni kitu kidogo, ila mtu anayechimba wafu anakiona.

Nilipofika nilikaa chini. Upande mzima wa mlima ulikuwa mwekundu, mbichi, kama nyama. Ulikatika juu kabisa, msituni, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupiga jembe wala shoka. Kwa hiyo msinitafutie wa kumlaumu. Nimemtafuta miaka mingi, sijampata. Udongo ulishuka na kufunika nyumba tatu na mashamba chini yake. Katika nyumba moja alikuwemo mama yake Mama Imelda, na pamoja naye Imelda. Mama Imelda mwenyewe alikuwa ameteremka ziwani, Ngumbo, kununua usipa, dagaa wa kule, aje auze, akamwacha mtoto kwa bibi yake.

Gervas alikuwa amekwisha kuanza. Alikuwa na watu wa kitongoji, na watu wa vitongoji vingine walikuwa wanafika kwa makundi, jembe begani. Walikuja kutoka Mbuji, wakaja kutoka Kingerikiti. Hakuna aliyewalipa wala kuwaahidi kitu. Na hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu nifike nchi hiyo ya Wamatengo. Nilikuwa nimesimuliwa kwamba zamani wanaume wa ukoo walikuwa wanakula pamoja uani kwa mkubwa wao, kila mke analeta chakula chake, na hapohapo ndipo mambo ya mashamba na ugomvi yalipokuwa yanaamuliwa. Wanaita sengu. Mimi nilipofika ilikuwa inakufa, kila mtu anakula kwake amefunga mlango. Lakini wiki ile vyungu vyote vilitoka ndani vikaenda uani kwa Mzee Bosko, mkubwa wa ukoo, mjomba wake Mama Imelda. Wanaume, wanawake, wageni, wote tulikula pale. Ingekuwa siku nyingine ningefurahi sana.

Namna ya kutafuta mtu kwenye tope nilifundishwa na Gervas, na sijui yeye alifundishwa na nani. Unakata fito za mianzi, unazichonga ncha. Mnasimama mstari mmoja, mabega yanakaribiana, mnazamisha fito polepole. Ikigonga jiwe unasikia mkononi, ikigonga mbao unasikia tofauti. Unaichomoa, unanusa ncha. Ndiyo, unanusa, usione haya. Filimbi ikilia, wote kimya, hata mtoto mgongoni ananyamazishwa, mnasikiliza kama chini kuna mtu anagonga. Ndugu wa aliyefukiwa hawekwi kwenye mstari, apewe kazi ya kuchota maji.

Na jembe. Jamaa mmoja mwenye nguvu, mtu mwema tu, siku ya kwanza alinyanyua jembe mpaka juu ya kichwa akalishusha kwa nguvu zake zote. Likampata bibi yake Imelda. Alikuwa amekwisha kufa, alikufa zamani. Lakini yule jamaa alilitupa jembe akapotelea kwenye migomba, na hakurudi kwenye mstari tena. Gervas akasimama juu ya jiwe akasema, na sauti yake haikuwa ya utingo tena, "Kuanzia sasa hakuna kupiga jembe kwa nguvu. Unaliweka, unalivuta. Unaliweka, unalivuta. Asiyeweza aende akapike."

Mama Imelda alifika mchana wa siku hiyo, na kapu la usipa kichwani. Njiani hakuna aliyethubutu kumwambia. Walimwambia tu, wahi nyumbani. Alisimama ukingoni mwa lile jeraha la mlima. Watu wote wakaacha kazi.

"Nyumba ya mama iko wapi?" akamuuliza Gervas.

Gervas, mtu ambaye hakukosa neno hata kanisani, alionyesha kwa kidevu tu.

Alitua kapu. Alisema, "Huu usipa upikwe, watu wamefanya kazi." Kisha akashuka akaanza kuchimba kwa mikono, na hakuna aliyeweza kumpa ndoo ya maji akachote. Kuna kanuni nyingine zinawashinda hata walioziweka.

Tuliwapata wote isipokuwa Imelda. Tukawazika wengine vizuri, katekista akasoma, watu wakaimba kwa sauti za tope. Tukarudi kwenye mstari. Tukachimba. Fito zikagonga mawe na mbao, zikagonga chungu, kitanda, mbuzi. Ilipatikana sandali moja ya mtoto, na Mama Imelda akasema si yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kisa chenyewe. Kule milimani, maiti akiwa hajazikwa, hakuna anayelima. Jembe haliingii shambani kitongoji kizima. Ni heshima, na ni woga pia. Kwa kawaida ni siku mbili, mtu anazikwa, maisha yanaendelea. Lakini Imelda hakuwa amezikwa. Na ilikuwa Machi.

Nyie mliosoma mnajua ngolo, mmeziona kwenye picha. Wanaume wanafyeka majani, wanayalaza kwenye mteremko kwa mistari inayokatana, kama nondo za dirisha. Halafu wanawake wanachimba udongo katikati ya kila kidirisha na kufukia majani, wanapanda maharage juu ya tuta. Panabaki shimo, maji ya mvua yanatua humo badala ya kukimbia na udongo. Kazi hiyo haingoji. Maharage yakichelewa, mvua inayaacha njiani yakiwa na maua. Majani yalikuwa yamekwisha kulazwa kwenye mashamba yote yaliyobaki, yanaoza. Mahindi ya vihenge viwili yalikuwa chini ya tope. Kahawa, mnunuzi anataja bei anayotaka na kuondoka. Ghala la serikali la njaa lilikuwa limebaki jina. Kila mtu aliyekuwa anachimba pale alikuwa anajua kwamba wanawe watakula maharage hayo au hawatakula kitu, na kila mtu aliendelea kuchimba na hakusema.

Katikati ya hayo wakaja wafadhili fulani, siwataji, na marobota ya mitumba. Walikuwa na nia njema. Tulipofungua tukakuta makoti ya kike ya manyoya, suti za kuogelea, na tai. Tai nyingi sana, jamani. Mzee Bosko alichagua koti la rangi ya waridi lenye vifungo vya dhahabu akalivaa, maana joto ni joto. Wakawaomba watu wa kujitolea wasimame pamoja wapigwe picha. Gervas akajifunga tai juu ya kifua kilicho wazi, tope mpaka masikioni, akapiga filimbi: "Haya, tabasamuni, tumeletewa makoti!" Watu walicheka, na mimi nilicheka, nakumbuka nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikageuka nikamwona Mama Imelda peke yake kule chini, anazamisha fito. Hakuwa ametusikia.

Jioni ile baada ya kula, Mzee Bosko, na koti lake, aliniita mbele ya watu wote uani.

"Mwanangu, majani yanaoza."

"Nimeona, mzee."

"Katekista anasema anaweza kuubariki mlima wote, uwe kaburi lake. Kisha tutalima. Lakini lazima mama mtoto akubali. Sisi hatuwezi kumwambia. Mtu wa ukoo akimwambia acha kumtafuta, ni kama amemfukia mtoto yeye mwenyewe. Wewe si wa hapa. Ukikosea, utasamehewa kwa ugeni."

Nikamtazama Gervas anisaidie. Akatazama vidole vyake vya miguu.

Asubuhi nilimfuata. Alikuwa amekaa juu ya shina lililong'oka, anachonga upya ncha ya fito yake. Nilikuwa nimefundishwa chuoni namna ya kuanza mazungumzo magumu. Yote yalinitoka. Nikaeleza tu ninavyojua: majani, mvua, maharage, watoto wa wenzake, baraka ya katekista.

"Bibi Maendeleo, una watoto?"

"Ninao wawili. Wako Handeni kwa bibi yao."

"Wamelala wapi jana?"

"Kitandani."

"Unakijua hicho kitanda?"

"Nakijua. Nilikinunua mwenyewe."

Akarudi kwenye fito yake. Wembamba wa ile ncha ulishapita kiasi, bado anachonga. Nilikaa naye mpaka nikaona aibu ya kukaa, nikarudi kwa wazee nikasema, hajakubali. Hakuna aliyenilaumu. Gervas alipiga filimbi, watu wakashuka kwenye mstari. Lakini walikuwa wamepungua. Wale wa vitongoji vya mbali, ambao kwao hakuna maiti, walikuwa wamekwisha kurudi kulima kwao, na nani angewazuia?

Kesho yake tulipotoka tulimkuta Mama Imelda ametutangulia. Hakuwa na fito. Alikuwa amebeba jembe. Alikuwa ameng'oa majani yaliyolazwa kwenye shamba lake lililobaki upande wa pili, akayasomba na kuyalaza upya juu ya tope lenyewe, juu ya ule udongo mwekundu, mistari inayokatana, kazi ya wanaume, na alikuwa amelaza kipande kikubwa kiasi kwamba sijui alianza saa ngapi. Akasimama katikati ya kidirisha cha kwanza. Mzee Bosko akasema kwa hofu, "Stefania, bado hatujazika."

"Najua hatujazika." Aliongea kwa sauti ya kawaida, kama anagawa kazi. "Mnataka kulima, limeni. Lakini anzeni hapa. Pote hapa, kutoka juu mpaka mtoni. Kila mtu achimbe mashimo yake, na kila shimo mtu aangalie anachotoa. Mkimaliza hapa nendeni kwenye mashamba yenu, mimi sina neno tena."

Akaliweka jembe, akalivuta. Jembe la kwanza likawa limeingia, na ni yeye mwenye maiti aliyeliingiza. Mnaelewa alichofanya? Alijua watu hawatamtafuta mwanawe milele. Akaona bora kitongoji kizima kilime juu ya mwanawe, wamgeuzie udongo wote, kuliko kumwacha chini ya baraka.

Tulilima. Wanaume walichimba pamoja na wanawake, jambo ambalo siku nyingine lingeleta utani wa wiki nzima. Gervas alichimba mashimo ya kike, miguu mirefu imejikunja, na hakuna aliyemtania. Hata mimi nilichimba, mtu wa Handeni ambaye tuta langu lilikuwa linabomoka kabla sijageuka. Jembe linawekwa, linavutwa, mtu anainama, anapapasa udongo kwa vidole, ndipo anaumwaga juu ya majani. Pote, kutoka juu mpaka mtoni. Tukapanda maharage. Kisha wakakimbilia mashamba yao, wakawahi baadhi, mengine wakachelewa.

Imelda hakupatikana.

Mwaka ule njaa ilikuwepo. Sitawadanganya kwamba kujitolea kuliwashibisha. Watoto walikonda, wazee wawili tuliwazika, na hospitalini nako walikuwa wameanza kuchangisha fedha za matibabu, kwa hiyo wengine hawakwenda. Mitumba ilibaki. Mpaka Desemba unakutana na mtu anatoka kuchimba viazi vikuu vya porini amevaa tai. Yale maharage ya kwenye tope yalizaa kidogo sana, ule ni udongo wa tumboni mwa mlima, hauna kitu. Waliyavuna wakampelekea Mama Imelda yote, kila nyumba kibakuli chake. Akayapika yote siku moja, akaita watu uani kwa Mzee Bosko. Yangu aliyapika kwenye sufuria langu, peke yake. Yeye hakula. Alikaa akatutazama tukila, mmoja mmoja, kama anayehakikisha. Nilikula nikilia, na nikamaliza, kwa sababu nilijua kuacha kungekuwa tusi.

Sasa kuna jambo la ngolo ambalo pengine kwenye picha halionekani. Mashimo hayabaki mahali pamoja. Ukirudi kulima msimu unaofuata unahama: pale palipokuwa tuta unachimba shimo, palipokuwa shimo panakuwa tuta. Hivyo ndivyo walivyolima babu zao, udongo upumzike. Mama Imelda alilijua hilo tangu asubuhi ile. Kila msimu mashimo yanahamia mahali ambapo bado hapajachimbwa.

Msimu wa pili walikuja karibu wote. Wa tatu walikuja wengi. Baadaye wakaja wale wa karibu, kisha Gervas na wachache. Kisha Gervas akaanza kukonda, kwa yale maradhi ambayo miaka ile hatukuyataja, na alipokwenda filimbi yake walimzika nayo. Sengu ilikufa tena, kila mtu akarudi kufunga mlango wake. Siwalaumu, na ninyi msiwalaumu. Watu wa kujitolea ni kama betri za redio. Unaweza kuzianika juani zikapata nguvu kidogo, lakini si mara zote. Nimekaa kazini mpaka nikastaafu nikitafuta dawa ya hilo. Nimehudhuria semina, nimeandaa semina. Sina dawa.

Juzi nilipanda kule. Kwa pikipiki, mgongo wangu mliuona. Mama Imelda amezeeka kunizidi ingawa nimemzidi umri. Alikuwa shambani, peke yake, amefyeka na kulaza kipande kidogo tu, nguvu zimeisha. Mtoto wa kaka yake anataka kupanda milingoti, ile mikaratusi, pale. Ni kijana mwenye heshima, na kusema kweli yuko sahihi. Alisema mbele yangu, "Shangazi, udongo wenyewe hauzai. Machi hii ukishindwa kulima, mimi napanda miti." Akishapanda miti hakuna jembe litakaloingia pale tena.

Alipoondoka nilijikaza nikasema nililokuwa nimelificha tangu tuwe vijana. "Mama Imelda, udongo ule ni mchachu. Mifupa ya mtoto mdogo haikai miaka yote hii. Hata tukichimba..."

"Najua," akasema. "Akili inajua. Hii mikono ndiyo haitaki." Akanionyesha, kama vile mimi nilikuwa sijawahi kuiona. Kisha akaniuliza kama nina njaa. Sufuria lilikuwa limeinamishwa juu ya kichanja, na alama yake ya msumari.

Basi vijana wangu, mliniomba kumbukumbu, mimi nawaomba mikono. Siwaiti mkamtafute Imelda; hayupo, na mkimwambia mama yake kwamba mmekuja kumtafuta mtakuwa mnamdanganya mzee. Nawaita mkalime. Machi si mbali. Acheni fulana zenu za maandishi nyumbani, na picha msipige. Bebeni chumvi. Akiwapa chakula kuleni, hata kama mmeshiba. Yeye atawaonyesha mashimo yalipohamia mwaka huu, mwanzie juu mshuke mpaka mtoni. Na kwenye shamba lile, tafadhali, jembe msilipige kwa nguvu.